Banda la Bi Pasi lililozunguka mtaa kwa miguu ya majirani

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, kabla jua halijawa kali, Bi Pasi yuko juu ya ngazi uani kwa jirani yake. Amebana misumari ya bati midomoni. Mkono wa kulia umeshika nyundo, wa kushoto unapapasa bati kutafuta mahali pa kupigilia. Anagonga kidogo, anatulia, anatazama, kisha anamalizia kwa pigo moja zito.

Chini, mumewe ameishika ngazi upande mmoja. Upande wa pili ameishika mwenye uwanja, karani mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Wanaume hao wawili wanabishana kama mvua itanyesha leo au kesho. Bi Pasi hawezi kuwaamulia kwa sababu ya misumari mdomoni, na baadaye anasema ndiyo maana kazi ya paa anaipenda kuliko kazi nyingine zote.

Mwaka jana wakati kama huu, wazee hao hawakuwa wakisalimiana. Kilichowafikisha kwenye ngazi moja ni banda la kuwekea majembe.

Bi Pasi si seremala, wala hajawahi kudai useremala. Riziki yake inatoka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako kwa miaka ishirini na sita amepiga pasi mashuka, foronya na magauni ya chumba cha upasuaji. Mikono yake ina alama ndogondogo za moto hadi kwenye viwiko. Jina alilopewa na wazazi linatumiwa na mhasibu wa mishahara tu. Wengine wote, kuanzia daktari mkuu hadi muuza maji, wanamwita Bi Pasi, naye anaitika.

Lakini ukiuliza habari zake mtaani kwao siku hizi, hutasimuliwa mashuka. Utasimuliwa banda.

Yote yalianza na bustani. Watoto wao wakubwa waliondoka mmoja baada ya mwingine kwenda kujitegemea, nyumba ikabaki na binti wa mwisho, ambaye naye alikuwa nusu nyumbani, nusu kwenye simu. Bi Pasi alikuwa akirudi kazini, anapika chakula cha watu wengi kwa mazoea, kisha anaketi kuitazama sufuria. Jioni moja aliazima jembe, akaenda uani palipokuwa na magugu na matairi chakavu ya mumewe, akaanza kulima.

Tuta la kwanza lilikuwa la mchicha. Likafuata la nyanya, kisha bilinganya, kisha pilipili hoho, mpaka mboga zikawa nyingi kuliko walaji. Akaanza kuzifunga mafungu na kuwauzia wenzake kazini, na zilizobaki akawa anawapitishia majirani juu ya uzio bila kudai chochote.

Tatizo ni kwamba bustani haiombi maji tu. Jembe la kuazima lilirudishwa, likanunuliwa jingine, nalo likaja na jamaa zake: reki, koleo, keni ya kumwagilia, mpira mrefu wa maji, pampu ya kunyunyizia dawa na toroli. Kuviacha nje ilikuwa kuvikaribisha wezi na kutu. Kwa hiyo viliingia ndani.

Reki na majembe yakasimama nyuma ya kochi sebuleni. Mpira wa maji ukajikunja chini ya meza ya chakula. Mfuko wa samadi ukapata kona jikoni, umefungwa barabara, lakini samadi ni samadi. Toroli lilisimamishwa wima kwenye korido, na kila aliyeamka kwenda msalani alilisalimia kwa ugoko.

Mumewe ni dereva wa basi la shule. Watoto anaowabeba wamempachika jina la Breki kutokana na namna anavyolisimamisha gari, na jina hilo limemfuata hadi nyumbani. Breki alivumilia majembe, akavumilia samadi, akavumilia hata toroli. Uvumilivu wake ulifika kikomo siku wakwe watarajiwa walipokuja kujitambulisha kwa ajili ya binti yao.

Wageni walikuwa wameketi vizuri, soda mkononi, mazungumzo yameanza kunoga. Mjomba wa kijana, mtu mzito kwa mwili na kwa maneno, akajiegemeza kwenye kochi ili aseme jambo la maana. Kochi likarudi nyuma kidogo. Mpini wa reki ukateleza taratibu, ukamjia begani kama mgeni mwingine aliyetaka kusikia kinachozungumzwa.

Hakuumia, na ndoa ilifungwa. Hata hivyo, wageni walipoondoka, Breki aliirudisha reki nyuma ya kochi, kisha akatoa hukumu yake.

“Mama watoto, mimi sina ugomvi na bustani,” alimwambia. “Lakini ama vitu hivi vipate nyumba yao, ama mimi nitafute yangu.”

Bi Pasi alimwita fundi. Fundi alikuja na penseli nyuma ya sikio, akauzunguka uwanja mara moja, akataja bei iliyokaribia mshahara wa mama huyo wa miezi mitatu. Bi Pasi akamuuliza kwa upole kama mtu anaweza kujijengea mwenyewe. Fundi akacheka, wala hakucheka kwa ubaya, akamtazama mikono.

“Mama, banda si shuka,” akasema. “Halikunjwi.”

Bi Pasi anaisimulia sentensi hiyo bila chuki, lakini anaisimulia kwa sauti ya fundi mwenyewe, na inaonekana amefanya mazoezi. Anasema bei isingemtoa roho. Angeomba ipunguzwe, angelipa kidogo kidogo. “Alipocheka ndipo alipoipoteza kazi,” anasema. “Pale pale nilijua banda hili nitalijenga mimi.”

Kusema ni rahisi. Alikuwa hajawahi kushika msumeno maishani.

Mwalimu alimpata karibu na mahali pake pa kazi. Nyuma ya chumba cha kufulia kuna karakana ndogo ambamo seremala wa hospitali, anayejulikana kwa jina la Fundi Vitanda, hutengeneza vitanda, meza na viti vilivyovunjika. Wakati wa mapumziko ya mchana, wenzake walipokuwa wakila, Bi Pasi alikwenda na bakuli lake karakana, akala akiangalia. Siku ya tatu Fundi Vitanda alichoka kuangaliwa, akampa msumeno na kipande cha mbao.

Mwanzoni alikuwa akiukandamiza msumeno kama pasi, nao ukawa unakwama. Mzee akamwambia aache meno yafanye kazi, yeye aongoze tu. Akamfundisha kupiga msumari bila kuupinda. Akamfundisha pia kuukunja ncha unapotokeza upande wa pili ili using'oke. Akamwonyesha jinsi ya kujua kama fremu imenyooka: pima kutoka kona hii hadi kona ile ya mkabala, kisha pima kona mbili zilizobaki, vipimo vikilingana, hujakosea.

Hilo la kona lilimfurahisha Bi Pasi kuliko mengine. Maisha yake yote ya kazi amekuwa akishika kona za mashuka na mwenzake wa upande wa pili, wakizikutanisha. Hapa palikuwa na kitu anachokifahamu, isipokuwa hiki kilikuwa na vibanzi.

Mbao hakununua nyingi. Hospitali ilikuwa imepokea mashine mpya zilizokuja ndani ya makasha makubwa ya mbao, na makasha hayo yalisubiri kuchomwa moto. Aliomba kwa msimamizi wake, akaruhusiwa. Breki alikataa katakata kuyabeba kwa basi la shule, hivyo yakaja kwa mkokoteni. Vitu vya kununua vikabaki mabati, misumari, bawaba na komeo. Anakadiria kwamba vyote havikufika nusu ya mshahara wa mwezi mmoja.

Kazi ilianza na mvua. Uani kukawa tope tupu, kwa hiyo Bi Pasi akaamua kujenga mbele ya nyumba, kwenye kibaraza chenye paa, ili banda likikamilika lihamishiwe nyuma. Aliona ni jambo jepesi. Akitoka kazini alibadilisha nguo, akafunga kitambaa kichwani, akaanza kugonga hadi giza lilipoingia. Gumba lake la kushoto liligeuka jeusi, kisha la zambarau, kisha kijani, na wenzake kazini wakawa wanaulizia rangi ya wiki.

Breki, kwa wakati huo, alikuwa mshauri. Alileta kiti na kikombe cha chai, akaketi, akatoa maoni. Mlango ungefaa kuwa upande ule. Mbao hii mbona fupi? Na banda liwe refu kwenda juu, kwa sababu yeye ni mtu mrefu na hatakubali kuinama kwenye uwanja wake mwenyewe. Bi Pasi alilipandisha juu, na kwa mengine akaendelea kugonga.

Jioni moja alikuwa akijaribu kusimamisha ukuta wa pili peke yake. Alikuwa ameushikilia kwa goti na bega, mkono mmoja ukitafuta msumari, na ukuta ukaanza kumwelemea. Hakuita. Breki akakiweka kikombe chini, akaja kuushika. Tangu siku hiyo kiti kilirudi ndani, na ndoa yao ya miaka thelathini ikapata mazungumzo mapya kuhusu bawaba.

Banda lilipokamilika lilikuwa zuri. Lilikuwa na kuta nne zilizonyooka, paa la bati lililoinama kuelekea nyuma, mlango wenye komeo na ndani rafu mbili za kuwekea vitu vidogo. Halikuwa na sakafu, kwa kuwa lingekalia mawe ambayo Bi Pasi alikwisha kuyapanga na kuyasawazisha uani. Wapita njia walisimama kulitazama. Wengine waliuliza ni biashara gani inafunguliwa.

Jumatano akaja wifi yake, dada mkubwa wa Breki, mkunga mstaafu ambaye nusu ya watu wa mtaa huo wamepita mikononi mwake. Alikaribishwa kibarazani alione banda. Alilizunguka, akalisifu. Kisha akatembea hadi kwenye ujia mwembamba kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa mpaka, ambao ndiyo njia pekee ya kufika uani. Akaunyoosha mkono wake, akapima kwa macho. Akarudi akalitazama banda tena.

“Wifi yangu,” akasema, “huyu hatoki kwa njia ya kawaida.”

Bi Pasi akaenda kwenye ujia kupima kwa mkono wake mwenyewe. Wahenga walisema penye nia pana njia, lakini hapa njia ilitosha toroli tu. Alikuwa amepima mbao, mabati, mlango, hata urefu wa mumewe. “Nilipima kila kitu duniani,” anasema, “isipokuwa mahali pa kupita.”

Kulifumua hakukuwezekana. Misumari yote ilikuwa imekunjwa ncha kama alivyofundishwa, na mbao za makasha zingepasuka vipandevipande. Kuliacha mbele ya nyumba kungewafanya wajibu maswali ya wateja maisha yao yote. Jioni hiyo hakula. Alikwenda bafuni, akafungua bomba, akalia kidogo. Haoni haya kusema hivyo. Wiki nzima alikuwa amewatangazia wenzake kazini kwamba banda limeisha, na kicheko cha yule fundi alikisikia kana kwamba kinatoka kwenye bomba.

Ni wifi aliyeona upenyo. Kama mtoto hapiti mlangoni, alisema, kuna upasuaji. Banda lingeweza kutolewa kwa geti la mbele, likapitishwa barabarani, likakata kona kwenye duka la mshonaji, likafuata barabara ya nyuma, likaingia uani kupitia uwanja wa jirani wa nyuma. Kinachotakiwa ni kung'oa kipande cha uzio na kukirudisha.

Jirani wa nyuma alikuwa Karani.

Kati ya Karani na Breki kulikuwa na maji. Miaka mitano nyuma, mvua kubwa iliteremsha maji kutoka kwa Breki, yakapita chini ya uzio, yakaingia kwa Karani na kuua vifaranga vyake vyote. Karani alikuja na mwavuli na maneno. Breki alimjibu kwa maneno bila mwavuli. Yaliyosemwa siku hiyo Bi Pasi hakutaka yaandikwe gazetini. Tangu hapo, wakikutana msibani mmoja alikaa mwanzo wa mkeka na mwingine mwisho. Bi Pasi peke yake ndiye aliyeendelea kumpa mzee huyo salamu na mchicha, na mzee akavipokea vyote viwili.

Breki aliposikia mpango huo alisema ni afadhali alipasue banda liwe kuni kuliko kukanyaga kwa yule mzee. “Kuni hizo utazipasua wewe mwenyewe, mbele yangu, na kwa mikono yako,” mkewe akamwambia. Breki akalitazama banda. Akaushika mlango, akaufungua, akaufunga. Hakusema tena habari za kuni.

Kesho yake alipotoka kazini, Bi Pasi alipiga moyo konde, akazunguka mtaa hadi getini kwa Karani. Alimweleza shida yake bila kuipamba. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akavaa viatu, akasema anataka kuliona kwanza. Akazunguka naye hadi kibarazani. Breki akaingia ndani ghafla kutafuta kitu ambacho hadi leo hajakitaja.

Karani aligonga ukuta wa banda kwa kifundo cha kidole. Akausukuma. Akachungulia ndani.

“Umepigilia mwenyewe?”

“Mwenyewe, mzee wangu.”

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. “Jumapili, baada ya saa nne,” akasema. “Miche yangu ya nyanya isikanyagwe.”

Jumapili ilifika kavu. Geti la mbele lilitolewa kwenye bawaba zake, na mlango wa banda pia. Waliokuja kubeba walikuwa Breki, mshonaji na msaidizi wake, muuza mkaa, na wanawake watatu wa chumba cha kufulia waliosema hawawezi kulikosa jambo hilo. Wa nane alikuwa Bi Pasi. Waliingia wote ndani ya banda, wakashika mbao za katikati ya kuta, na kwa hesabu ya pamoja wakaliinua.

Kwa nje, kilichoonekana ni nyumba ndogo ya mbao yenye paa la bati ikitoka getini kwa miguu kumi na sita.

Breki alikuwa mbele, kwenye uwazi wa mlango, kwa sababu ni dereva. Alilazimika kupinda shingo safari nzima, mara mbele kutazama njia, mara nyuma kuwaongoza waliokuwa ndani. Wifi alitangulia barabarani na leso nyeupe, akizuia pikipiki. Mtoto mmoja alikimbilia kwao akipiga kelele kwamba nyumba imeota miguu. Akina mama waliokuwa wakitoka sokoni waliweka vikapu chini ili wacheke vizuri. Mtu mmoja akauliza mnahamia wapi, na sauti ya Breki ikatoka ndani kujibu kwamba kodi imepanda.

Kona ya duka la mshonaji walikata salama. Barabara ya nyuma ilikuwa na mashimo, wakapumzika njiani, wakainua tena. Balaa lilitokea getini kwa Karani kwenyewe. Mkanda wa kiatu cha mshonaji ulikatika, mguu ukateleza, akaachia. Kona yake ya mbele ikaanguka upande, na banda zima likaanza kuinama kuelekea kwenye ile miche ya nyanya.

Karani alikuwa amesimama hapo, mikono mgongoni, akilinda mali yake. Bi Pasi, aliyekuwa nyuma, hakumwona akiingia. Aliona tu kona ikiinuka tena, na kwenye giza la ndani ya banda, bega kwa bega na mumewe, miwani iliyofungwa uzi.

Walikwenda hivyo hatua chache. Kisha Karani akasema, “Kushoto kidogo.”

“Naona,” Breki akajibu.

“Huoni. Kuna shimo.”

Breki akaenda kushoto.

“Nilitamani kuangua kicheko,” anasema Bi Pasi. “Lakini ningecheka mikono ingelegea, na nyanya zingekwisha. Nikauma mdomo. Yale ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu vifaranga.”

Walipita kwenye uzio uliofunguliwa, wakavuka matuta ya mchicha, wakaliteremsha banda juu ya mawe yake. Kila mtu alitoka nje akipepesuka na kujinyoosha mgongo. Karani akalizunguka, akalishika kona moja, akalitikisa kwa nguvu zake zote za uzeeni. Halikutikisika.

“Limekaa,” akasema.

“Limekaa,” Breki akaitikia. Kisha akakohoa, akamwambia ndani kuna chai.

Si kwamba mambo yote yalikuwa shwari kama maji mtungini. Mvua ya kwanza ilivuja ndani ya banda, kwa sababu Bi Pasi alikuwa amepigilia misumari kwenye mabonde ya bati badala ya migongo yake. Ilimbidi ayazibe matundu na kupigilia upya. Shingo ya Breki ilikaa upande wiki nzima, na dada yake akawa anamchua kwa dawa na kumcheka kwa wakati mmoja. Wazee hao wawili walichimba mfereji wa kuyapeleka maji barabarani, na wakagombana kila hatua ya mfereji huo. Lakini waliuchimba, na vifaranga vya sasa vya Karani ni vikavu.

Hata fundi wa penseli alikuja. Alikuwa amesikia habari, akaomba alione. Aliingia, akatoka, akasema kuta ni nzuri ila mlango unakwangua chini, akatoa vifaa vyake akaurekebisha papo hapo bila kutaka malipo. Bi Pasi anasema hakumkumbusha habari za shuka. Mumewe alimkumbusha. Fundi akacheka tena, safari hii akijicheka, na kabla ya kuondoka akamwachia Bi Pasi randa yake ya zamani.

Sebule sasa ni sebule. Nyuma ya kochi kuna ukuta. Binti aliyeolewa alipokuja kutembea na mumewe, mjomba yule mzito aliwasindikiza, na jambo la kwanza aliloomba ni kupelekwa uani akaone nyumba ya ile reki.

Wiki chache baadaye Karani aliita kutoka ng'ambo ya uzio. Naye majembe yake yanalala chumbani, alisema, na mtoto wake wa kiume ametishia kutomtembelea tena. Angependa banda kama lile, dogo kidogo. Hilo ndilo Bi Pasi analoezeka leo, na safari hii amelijenga pale pale litakaposimama. Kila msumari wa bati unaingia mgongoni.

Saa nne na nusu anateremka, anatema msumari wa mwisho kiganjani, anawaomba wazee wote wawili waende nje wakaangalie paa kama limenyooka. Wanaondoka wakiendelea na ubishi wao wa mvua. Anapata nafasi ya kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kunywa maji.

Mwakani anastaafu. Watu humuuliza kama atafungua karakana, naye hutikisa kichwa. Anasema mgongo wake umeshasimama mbele ya meza ya pasi miaka ya kutosha, hataki bosi mwingine, hata kama bosi huyo ni yeye mwenyewe. Anachokitaka ni kidogo kuliko hicho na, kwa maoni yake, kitamu zaidi. Wale wanawake watatu wa chumba cha kufulia waliobeba banda wameanza bustani zao, na mmoja wao analala na jembe chini ya kitanda. Wamekubaliana kwamba akishastaafu watakutana kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba, mpaka kila mmoja awe na banda lake. Mbao wameshaanza kuzikusanya. Fundi Vitanda ameahidi kuja Jumamosi ya kwanza, ingawa amesema atakaa kwenye kiti.

Wengine pale kazini wamesikia, wanaomba waje kutazama. Bi Pasi ameweka sharti moja, na analisema huku akinyanyuka kurudi kwenye ngazi.

“Sitaki watu waje kuniangalia nikijenga,” anasema. “Kila mmoja aje na nyundo yake.”